Jinsi ya Kusoma Karatasi ya Daino: Namba ya Juu Isome Mwisho

Picha huwa ni ileile. Karatasi ya daino, yaani mashine ya kupima nguvu ya gari, imepigwa kwa simu, duara jekundu limezungushiwa namba kubwa kuliko zote, na chini yake kuna swali: "Altezza ni ya farasi 210, mbona imetoka 168? Injini imekufa?" Anayefuata ana Mark X na anashangilia: "Nimebadilisha ekzosi, nimepata farasi 9 zaidi!" Wa kwanza anataka kuuza gari, wa pili anataka kumpa fundi zawadi. Wote wamesoma namba moja na kuiacha karatasi nzima.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea. Tunaanza na gari, tunafuata hewa, kisha namna kipimo kilivyofanyika, na ile namba ya juu tunaifikia mwishoni. Ukiruka hatua, hesabu za mbele hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi nzima ya daino, yenye mistari yote na maandishi madogo ya pembeni. Picha ya kilele peke yake haitoshi.
- Kadi ya gari, pamoja na namba ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye bodi.
- Geji ya upepo wa tairi.
- Skana ya OBD, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Hata ile ndogo ya Bluetooth inafaa, mradi ionyeshe joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini.
- Joto, unyevu na mgandamizo wa hewa wa saa ile ya kipimo. Kama karatasi haikuandika, angalia hali ya hewa kwenye simu ukiwa palepale gereji.
- Kikokotoo na daftari.

## Hatua ya 1: Hakikisha unajua injini uliyonayo

Hapa Dar kila Altezza ni "Altezza" tu, lakini chini ya boneti kuna injini tofauti. Chesisi inayoanza na SXE10 ni RS200 yenye 3S-GE: PS (farasi kwa kipimo cha Japani) 210 kwa gia za manyuali, PS 200 kwa otomatiki. GXE10 ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, PS 160. Mwenye GXE10 anayesubiri 210 kwenye daino atasubiri sana.

Mark X nayo ina mitego. GRX120 ya 2.5 iliandikwa PS 215. Ilipokuja GRX130, injini ni 4GR-FSE ileile lakini namba ikashuka hadi 203, kwa sababu iliwekewa mpangilio wa kutumia petroli ya kawaida badala ya ile ya oktani ya juu. GRX121 ya lita 3.0 ni PS 256. Jina la gari moja, namba tatu tofauti.

Kisha linganisha namba ya injini na kadi. Gari lililobadilishwa injini kwa ile ya kununua Gerezani au Shauri Moyo linaweza kuwa zima kabisa, ila namba ya kiwandani ya gari hilo haikuhusu tena.

Umefanikiwa ukiweza kuandika kwenye daftari: aina ya injini, aina ya gia, na nguvu ya kiwandani ya toleo lako hasa.

## Hatua ya 2: Jua namba imepimwa kwa kipimo gani na wapi

Katalogi za Japani zinaandika PS. Daino nyingi zinaandika hp, nyingine kW. PS moja ni wati 735.5, hp moja ni wati 745.7. Tofauti ni ndogo, lakini ipo: PS 210 ni hp 207, au kW 154. PS 280 ni hp 276.

Kubwa zaidi ni mahali pa kupimia. Kiwanda hupima injini ikiwa peke yake, kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Daino ya rola hupima kinachofika kwenye matairi baada ya kupita giaboksi, propela, difu na mpira wenyewe unaobonyea. Njiani kuna nguvu inayogeuka joto.

Ni kiasi gani kinapotea? Watu husema 15%, kisha hugawanya kwa 0.85 na kutangaza "nguvu ya krenki". Hicho ni kisio tu. Sehemu ya upotevu huo inategemea mwendo, sehemu inategemea torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na sehemu inategemea joto la oili ya difu. Otomatiki na gari la magurudumu manne kwa kawaida hupoteza zaidi. Tumia 15% kujua upo kwenye mtaa gani, usiitumie kutafuta namba ya nyumba.

Kwa kisio hicho, RS200 ya manyuali yenye hp 207 inapaswa kutoa kama hp 176 kwenye matairi. Yule mwenye 168 hana injini iliyokufa. Ana gari la zaidi ya miaka ishirini lililopimwa kwenye joto.

Angalizo: baadhi ya daino hupima upotevu kwa kuacha rola zipungue mwendo zenyewe baada ya kukanyaga klachi, kisha huongeza kiasi hicho ili kupata nguvu ya injini. Ni njia nzuri, ila dereva akigusa breki kidogo tu wakati huo, upotevu unaonekana mkubwa na injini inapewa farasi ambao haina.

Aina ya mashine nayo huhesabika. Dynojet ya rola nzito mara nyingi husoma juu kuliko daino ya Mustang inayoweka mzigo. Dynapack hufungwa kwenye habu, tairi halihusiki kabisa. Karatasi za mashine mbili tofauti usiziweke kwenye mizani moja. Na kwa daino inayopima kwa kasi ya kuzungusha rola, rimu nzito za inchi 18 zitakula namba hata kama injini haikuguswa. Gari halijapoteza nguvu kwenye krenki, nguvu inatumika kuzungusha chuma.

## Hatua ya 3: Soma hewa kabla ya kusoma injini

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na Dar ni mahali pagumu kwa jambo hili.

Injini inakula hewa kwa uzito. Hewa ya moto ni nyepesi, na mvuke wa maji unachukua nafasi ya oksijeni. Ndiyo maana daino huwa na kigezo cha marekebisho, kwenye karatasi kimeandikwa CF, kinachorudisha namba kwenye hewa ya viwango. Tafuta pia herufi zinazotaja kiwango chenyewe:

- SAE (J1349): nyuzi 25, mgandamizo wa hewa kavu hPa 990.
- STD: nyuzi 15.5 na mgandamizo wa hPa 1013. Namba hutoka juu ya SAE kwa karibu 4%.
- DIN (70020): nyuzi 20 na hPa 1013.
- Uncorrected au CF 1.00: namba mbichi, bila marekebisho.

Maana yake, fundi akibonyeza STD badala ya SAE, hp 170 inakuwa kama 177. Hakuna spana iliyoshikwa. Yule rafiki wa Mark X aangalie hapo kwanza.

Tuhesabu kwa hewa yetu. Chukua gari lenye hp 170 kwa SAE. Mchana wa kaskazi, nyuzi 32, unyevu 65%, mgandamizo hPa 1009: CF inakuja karibu 1.03, na namba mbichi ni kama 165. Asubuhi ya kipupwe, nyuzi 20, unyevu 85%, hPa 1016: CF ni karibu 0.98, namba mbichi ni kama 173. Farasi 8 wamekuja na upepo. Ukipima kabla ya ekzosi mwezi Februari na baada yake mwezi Julai bila marekebisho, utamsifu fundi kwa kazi ya kipupwe.

Karatasi kutoka Nairobi ihurumie. Kule ni takriban mita 1,700 juu ya bahari, na gari lisilo na turbo lenye hp 170 kwetu linaweza kuonyesha namba mbichi ya 136 hivi. CF inayohitajika ni karibu 1.25, wakati kiwango cha SAE chenyewe hakikusudiwi kwa marekebisho yanayozidi takriban 7%. Kwa gari la turbo hali hugeuka: turbo hufidia sehemu ya hewa iliyopungua, kwa hiyo ukiirekebisha kama injini ya kawaida unaizidishia. Subaru Impreza STI yenye namba ya kutisha kutoka nyanda za juu, uliza kwanza CF.

Angalizo: kitambuzi cha joto cha daino kinapaswa kuwa kwenye hewa ambayo injini inavuta. Kikining'inia nyuma ya rejeta na kusoma 45 badala ya 32, kompyuta itaongeza namba kwa zaidi ya 2% ikidhani hewa ni mbaya kuliko ilivyo.

Umefanikiwa ukiwa na vitu vitatu vimeandikwa: kiwango, CF, na joto. Karatasi isiyo na hata kimoja ni picha ya ukutani.

## Hatua ya 4: Andaa gari

Usitoke kwenye foleni ya Mandela na kupanda rola moja kwa moja. Baada ya saa nzima ya kusimama na kusogea, bomba la kuingizia hewa limeiva, na kontrol boksi inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, ili kulinda injini. Acha boneti wazi mbele ya feni mpaka skana ionyeshe joto la hewa limekaribia la nje na maji yamerudi kwenye joto la kawaida la kazi.

Halafu:

1. Weka upepo sawa kwenye matairi yote ya kuvuta, uandike. Tairi laini hubonyea na kula nguvu.
2. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la mtumba lililozeeka halipaswi kupanda rola. Kupasuka kwenye mwendo wa kilomita 180 kwa saa ndani ya gereji si jambo la kusimulia. Toa na mawe kwenye kashata.
3. Zima AC. Zima VSC na TRC, mifumo ya kuzuia gari kuteleza, maana gari litaona matairi ya nyuma yanazunguka huku ya mbele yamesimama na litakata nguvu.
4. Tumia mafuta ya kituo kilekile kwa vipimo unavyotaka kulinganisha. Injini iliyopangwa kwa oktani ya juu ikipewa ya chini hupunguza taimingi yenyewe, na namba hushuka bila kitu kuharibika.
5. Impreza na gari lolote la magurudumu manne lipande daino ya magurudumu manne tu. Kulilazimisha kwenye rola mbili ni kuichoma difu ya katikati.

Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari wakati linavutwa, yaani linapokanyagwa mafuta mpaka mwisho juu ya rola. Mikanda ya kufungia hukatika.

## Hatua ya 5: Chagua gia, na kumbuka kikomo cha 180

Gia bora ni ile iliyo karibu na uwiano wa 1:1, kwa sababu msuguano ni mdogo na tairi halitelezi kwa urahisi. Lakini magari ya soko la Japani mengi yana kikomo cha kilomita 180 kwa saa. Altezza ya gia sita ina 1:1 kwenye gia ya tano, na kwa gia hiyo kikomo kinafika kabla sindano haijaona mizunguko 7,600 kwa dakika, ambako nguvu yake ya juu ipo. Mstari utakatika ghafla na mwenye gari ataambiwa injini "inaishiwa pumzi juu". Tumia ya nne, na baki nayo siku zote.

Kwa otomatiki, funga gia kwa mkono. Gari likishusha gia katikati ya kipimo, tupa mvuto huo. Pale mwanzo pia torki huruka juu isivyo kawaida kwa sababu ya konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Usiihesabu.

## Hatua ya 6: Vuta mara tatu

Mvuto mmoja hauthibitishi kitu. Vuta mara tatu, ukiacha muda ule ule wa kupoa kati yake.

Ukiona namba zinashuka kila mara, joto limekaa kwenye injini, ongeza muda wa kupoa. Zikipanda, oili ya giaboksi na difu ndiyo kwanza inapata moto. Unatafuta mivuto miwili inayokaribiana ndani ya 2%. Kwa gari la hp 170 hiyo ni kama farasi 3, na tofauti yoyote iliyo chini ya hapo ni kelele za mashine.

Kama unapima kifaa kipya, vuta bila kifaa, funga, vuta, kisha kirudishe cha zamani na uvute tena. Siku hiyohiyo, rola zilezile. Ni kazi ya kuchosha na mafundi wengi watanuna, lakini ndiyo njia pekee ninayoiamini. Namba isiporudi chini baada ya kurudisha cha zamani, kilichobadilika hakikuwa kifaa.

## Hatua ya 7: Soma mstari wote

Angalia kwanza sehemu iliyoandikwa Smoothing. Ikiwekwa juu, mstari unapigwa pasi na kasoro zinafichika. Omba iwekwe chini kabisa, kisha tafuta haya:

Meno madogo mfululizo kwenye mizunguko ya juu. Mara nyingi ni plagi au koili inayokosa moto, au tairi linateleza kwenye rola. Kulitofautisha ni rahisi: ongeza kukaza mikanda kidogo. Meno yakipotea, lilikuwa tairi.

Bonde moja linalojirudia mahali palepale. Kwenye injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili taimingi ya valvu, huweza kuwa ni mpito wa taimingi ya valvu. Bonde likihama kila mvuto, shuku noki, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, na uangalie taimingi ya cheche kwenye skana.

Mstari unapanda vizuri kisha unalala mapema. Injini haitoi moshi kwa kasi inayotakiwa au haipati hewa. Masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, yakiziba, ni mshukiwa wa kwanza, chujio la hewa la pili. Pampu ya mafuta iliyochoka huonyesha sura hiyohiyo, ila mchanganyiko utakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo.

Torki inapanda ghafla, kisha inaporomoka, kwenye turbo. Tazama mstari wa busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo. Ukiporomoka nao, tafuta bomba linalovuja au valvu ya kupunguzia busti.

Mstari wa uwiano wa hewa na mafuta, yaani kilo za hewa kwa kila kilo ya mafuta, usiukubali kukosekana. Bila turbo, petroli ikikanyagwa mwisho kwa kawaida hukaa karibu na 12.5 hadi 13. Kwa turbo ni 11 hadi 12. Ukiona turbo iko 13.5 na inaendelea kupanda, ondoa mguu. Usisubiri kilele.

## Hatua ya 8: Kagua hesabu ya karatasi

Nguvu na torki si vitu viwili vinavyojitegemea. Kwa hp na Nm:

hp = Nm × mizunguko kwa dakika ÷ 7,121

Karatasi ikisema hp 190 kwenye 7,000, torki hapo lazima iwe kama Nm 193. Ikionyesha 240, aidha mtu ameichezea au kitambuzi cha mizunguko hakikusoma sawa. Kama karatasi inatumia hp na lb-ft kwenye mizani moja, mistari miwili lazima ikatane kwenye 5,252. Ikikatana kwenye 4,600, rudisha karatasi kwa mwenyewe.

## Hatua ya 9: Amua kama injini ni dhaifu

Sasa tu ndiyo uangalie kilele.

Injini mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 85, inayotumika Ulaya, inaruhusu injini ya uzalishaji itofautiane na nguvu iliyoidhinishwa kwa 5% juu au chini. Kwa hp 207, hiyo ni kati ya 197 na 217, gari likiwa jipya.

Na kuna wakati karatasi ya mwenye gari ilikuwa sahihi, kiwanda ndicho kilichokosea. Ford Mustang SVT Cobra ya 1999 iliandikwa hp 320, wenye magari wakapima na kulalamika, Ford ikayarudisha kuyarekebisha. Mazda ilishusha namba ya Miata ya 2001 ya soko la Marekani kutoka 155 hadi 142. Upande wa pili, Wajapani walikubaliana kutoandika zaidi ya PS 280 hadi 2004, na baadhi ya magari hayo yalijulikana kuvuka hapo. Kwa hiyo "280" ya katalogi si kipimo kizuri cha kulaumia STI yako.

Jedwali langu la uamuzi ni fupi. Ikiwa nguvu ya matairi kwa SAE iko ndani ya 5% ya makisio ya hatua ya 2, acha injini, endesha. Ikiwa imepungua kati ya 5% na 10%, anza na vitu vya bei ndogo: plagi, chujio, kusafisha sensa ya hewa, na upepo wa tairi. Kwa 4GR-FSE, kagua pia kaboni iliyoganda kwenye valvu za kuingizia, kwa sababu mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na hayazioshi.

Ikizidi 10%, pima kompresheni, silinda zote, injini ikiwa ya moto na kanyagio limekanyagwa mwisho. Vitabu vingi vya Toyota vinataka tofauti kati ya silinda isizidi kPa 100, yaani psi 15 hivi. Silinda moja ikiwa chini, tia tone la oili ndani yake na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Zote zikiwa sawa na nzuri, tatizo liko nje ya silinda. Rudi kwenye masega, pampu na taimingi.

## Ukipewa karatasi na muuzaji

Uliza maswali manne kwa utulivu: kiwango gani cha marekebisho, gia gani, mivuto mingapi, na mstari wa mafuta uko wapi. Linganisha namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi na ya kwenye bodi. Kama karatasi haina namba ya chesisi wala ya usajili, ichukulie ni ya gari lingine, na bei uipange kwa matokeo ya kompresheni utakayopima mwenyewe kabla ya kutoa shilingi.